Kamera Imesimama Upande wa Nani?

Binti yuko jukwaani, kamba ya gauni lake imekatika begani, na ukumbi unarindima kwa miluzi. Wanaume waliolipa kiingilio wanataka zaidi. Binti hakimbilii nyuma ya pazia. Anaacha kucheza, anasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, anakunja mikono kifuani na kuwakazia macho. Kisha anawasema. Anawaambia wakodoe tu, yeye haoni haya. Kwamba wametoa senti zao kununua ruhusa ya kumtazama mtoto wa watu kwa namna ambayo wake zao wasingeikubali, ili wakirudi nyumbani wajione madume kwa dakika chache. Ukumbi unanyamaza. Kamera iliyokuwa ikimtazama yeye inageuka na kuwatazama wao, nyuso zinazokwepa, watu wanaojiweka sawa vitini. Halafu mwanamke mmoja kati ya watazamaji anasimama na kuanza kupiga makofi.

Onyesho hilo limo katika "Dance, Girl, Dance", filamu ya mwaka 1940 iliyoongozwa na Dorothy Arzner, na binti mwenyewe ni Maureen O'Hara. Arzner wakati huo ndiye mwanamke pekee aliyekuwa akiongoza filamu katika studio kubwa za Hollywood. Filamu haikufanya vizuri sokoni. Ilisahaulika kwa miaka mingi mpaka wanawake wasomi wa sinema wa miaka ya 1970 walipoifukua na kuuliza ilikuwaje jambo zito namna hii lisemwe mapema vile na lisisikike.

Nimeanza na binti huyu kwa sababu alifanya kitu ambacho filamu nyingi za leo, pamoja na majeti na mapanga yake, hazijathubutu kukifanya: alirudisha macho yalikotoka. Tukizungumzia filamu zilizoivunja taswira ya kale ya mwanamke, tumezoea kuuliza kama mhusika wa kike ni shupavu, kama anapigana, kama ana cheo. Mimi naona swali linalotangulia hayo yote ni kamera imesimama upande wa nani, na muda wa nani umehesabiwa kuwa una thamani ya kuonyeshwa.

Taswira za kale tunazijua kwa kichwa. Yuko mke mwema anayesubiri dirishani. Yuko mama anayelia, anayesamehe, anayelia tena. Yuko mwanamke wa usiku, mwenye sigara na mdomo mwekundu, ambaye ni lazima afe kabla filamu haijaisha. Yuko mrembo anayetekwa ili stelingi apate sababu ya kupigana. Stelingi hafi, tulikuwa tukiambizana utotoni, na hakuna aliyewahi kuuliza kama stelingi ni mwanamume. Hilo lilikuwa limeshajibiwa kabla taa hazijazimwa. Wanawake hawa wanne wanafanana kwa jambo moja. Maisha yao yanaanza mwanamume anapoingia chumbani, na akitoka, kamera inatoka naye.

Watu husema sinema ilizaliwa hivyo, kwamba ni mambo ya zama zile. Si kweli. Mwaka 1896, sinema ikiwa bado mtoto mchanga, Mfaransa Alice Guy alikuwa tayari anaongoza filamu. Mwaka 1906 alitengeneza kichekesho kifupi, "Les Résultats du féminisme", ambamo wanaume wanashona, wanapiga pasi na kulea watoto huku wanawake wakiketi mkahawani, wakinywa na kuwasumbua wanaume kwa mahaba wasiyoyataka. Ukiitazama leo unacheka, kisha kicheko kinakukwama, maana kila anachofanyiwa mwanamume pale ndicho alichokuwa akifanyiwa mwanamke barabarani, na hakuna aliyekuwa akikiona. Kukigeuza tu kulitosha kukifanya kionekane. Baadaye Alice Guy alihamia Marekani na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake ya filamu, Solax. Kwa hiyo mwanamke alikuwapo tangu siku za mwanzo, kamera mkononi. Biashara ilipokua, studio zikawa kubwa na mabenki yakaingia, wanawake wakasukumwa pembeni. Majina yao yakapotea, na baadhi ya kazi zao zikaandikwa kuwa za wanaume.

Kisha zikaja kanuni. Mwaka 1930 wenye studio za Marekani walipitisha mwongozo wa maadili unaojulikana kwa jina la Hays, na kuanzia 1934 ukasimamiwa kwa mkono wa chuma mpaka 1968. Ndoa ilipaswa kuonyeshwa kuwa takatifu, uzinzi usionekane kuvutia, na mkosaji aadhibiwe. Kwenye karatasi kanuni hizo zilihusu kila mtu. Kwenye skrini, adhabu ilimwangukia mwanamke.

Mfano ninaoupenda, ingawa kuupenda si neno lenyewe, ni "Baby Face" ya mwaka 1933. Barbara Stanwyck anaigiza Lily, msichana ambaye baba yake, mwenye kilabu cha pombe, amekuwa akimtoa kwa wanaume. Mzee mmoja fundi viatu, mtu wa kusoma vitabu, anamshauri aache kutumiwa, naye awatumie wao apate anachokitaka. Lily anakwenda New York, anapata kazi katika benki, na anapanda ghorofa kwa ghorofa, mwanamume kwa mwanamume, huku kamera ikilipanda jengo kwa nje kama anayehesabu ngazi. Wakaguzi waliikataa. Studio ikayabadilisha maneno ya mzee: midomo ileile, duka lilelile, lakini sasa anamhubiria kuhusu njia njema na njia mbaya. Na mwishoni pakabandikwa habari kwamba Lily amerudi kwenye mji wa viwanda alikotoka, mikono mitupu. Nakala isiyokatwa haikuonekana mpaka ilipopatikana mwaka 2004 katika hazina ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa miaka sabini watazamaji walimwona mwanamke akiwa na mawazo ambayo hayakuwa yake. Mtu akiniambia taswira ya mwanamke mtiifu ni mila tu iliyojikalia yenyewe, huwa namwelekeza kwa mzee yule fundi viatu aliyetiwa maneno mdomoni.

Mwaka 1975 unastahili kukaliwa kitako. Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, lakini kwenye sinema mambo mazito yalifanywa na wanawake watatu, kila mmoja kwa njia yake. Uingereza, Laura Mulvey alichapisha insha iliyoeleza kwamba sinema ya kawaida imejengwa juu ya macho ya mwanamume: kamera inatazama kama yeye, mhusika mkuu anatazama kama yeye, na mtazamaji, awe wa kiume au wa kike, anaazimwa macho hayohayo. Mwanamke kazi yake ni kutazamwa, na akitokea, hadithi husimama ili atazamwe vizuri. Wasomi wameibishia insha hiyo miaka yote hii, na mengine wamebisha kwa haki, lakini ukishaisoma huwezi tena kukaa mbele ya skrini kama ulivyokaa jana. Senegali, Safi Faye alitoa "Kaddu Beykat", filamu ya maisha ya wakulima wa kijijini, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kuongoza filamu ndefu iliyosambazwa kibiashara.

Na Ubelgiji, binti wa miaka 25 aitwaye Chantal Akerman alitoa filamu ya saa tatu na dakika ishirini na moja kuhusu mwanamke anayefanya kazi za nyumbani.

Jina lake ni refu kama anwani, kwa sababu ni anwani: "Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles". Jeanne ni mjane anayeishi na mwanawe kijana. Tunakaa naye siku tatu. Anatandika kitanda, anang'arisha viatu vya mwanawe, anamenya viazi, anaosha vyombo akiwa ametupa mgongo. Kila alasiri anampokea mwanamume mmoja chumbani, na pesa anazolipwa anazitia ndani ya bakuli la supu lililoko juu ya meza ya chakula. Kamera haisogei, haimkaribii uso, haina muziki wa kutuambia tuhisi nini. Imesimama tu, kwa kimo cha mtu mfupi, kama jirani aliyekuja kukaa jikoni.

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliizima kabla ya saa moja kwisha. Niliporudi kwayo miaka kadhaa baadaye nilifika siku ya pili, kwenye viazi. Jeanne amechelewa kidogo na mgeni wake, na viazi vimeungua jikoni. Anachukua sufuria. Anaingia nayo chumba kimoja, anatoka, anaingia kingine, anasimama, hajui aiweke wapi. Ni mwanamke ambaye kila kitu chake kina mahali pake, na sasa ameshika kitu kisicho na mahali. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna bomu lililolipuka, na mimi nimeshika mkono wa kiti kwa hofu. Mpaka siku ya tatu anapouchukua mkasi, hatuhitaji kuelezwa. Tumekaa naye muda wa kutosha kujua ni uzito gani umekuwa ukijengeka chini ya utaratibu ule.

Delphine Seyrig, mwigizaji aliyezoeleka kwa urembo wa kifahari, aliikubali kazi ya kumenya viazi mbele ya kamera iliyoendeshwa na mwanamke, Babette Mangolte, katikati ya timu ambayo wengi wao walikuwa wanawake. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound la Uingereza, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki kila baada ya miaka kumi ni filamu ipi bora kuliko zote, lilitangaza kwamba ni hii. Haikuwahi kutokea filamu iliyoongozwa na mwanamke kushika nafasi ya kwanza. Wapo waliokasirika, wakasema ni siasa. Mimi nawauliza tu kama wameimaliza.

Akerman alichofanya ni kusema kwamba kazi ya mwanamke, ile ambayo filamu nyingine zote zingeikata kwenye uhariri, ndiyo filamu yenyewe. Hapo ndipo taswira ya kale inapovunjika mifupa. Mke mwema wa dirishani bado yupo pale, na aproni yake, ila sasa tumelazimishwa kuhesabu dakika anazoishi.

Upande wa pili wa barabara kuna mwanamke wa bunduki. Mwaka 1979 "Alien" ilitupa Ripley, afisa wa chombo cha anga aliyeigizwa na Sigourney Weaver, anayebaki hai wenzake wote wakiwa wamekufa. Jambo lililomfanya Ripley awe mpya liko kwenye mswada: wahusika waliandikwa bila kujali jinsia, kila nafasi ikiweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Hivyo Ripley hakubebeshwa mzigo wa kuwa "mwanamke wa filamu". Anabishana kuhusu kanuni za karantini, anakosea, anaogopa, anafikiri. Miaka sita baadaye mchoraji katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichora wanawake wawili wakijadili waende kutazama nini, na mmoja anasema yeye huenda tu kwenye filamu yenye wanawake wasiopungua wawili, wanaozungumza wao kwa wao, kuhusu jambo lisilokuwa mwanamume. Ya mwisho aliyoweza kuiona, anasema, ni "Alien", kwa kuwa wanawake wawili mle wanazungumza kuhusu lile dude.

Kipimo hicho cha katuni sasa hutumiwa na watu makini kabisa, na kina faida yake kwa sababu kinaaibisha: sharti dogo namna hiyo, na filamu kwa mamia hulianguka. Lakini kinahesabu vichwa na mazungumzo tu. Filamu inaweza kukifaulu kwa wanawake wawili wakizungumzia rangi ya kucha, na ikashindwa ilhali imembeba mwanamke mmoja kwa heshima kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakikuambii kamera imesimama wapi. Hata "Alien" yenyewe, mwishoni, Ripley akidhani ameshaokoka, inampeleka avue nguo abaki na chupi, na kamera ambayo ilikuwa mwenzake kwa muda wote inageuka kuwa mtu anayechungulia dirishani.

Waliomfuata Ripley walichukua bunduki yake wakaacha utu wake. Studio ziligundua kwamba ukimvisha mwanamke suti ya ngozi, ukampa teke la hewani na sentensi tatu za kejeli, unaweza kutangaza kwamba umeleta mapinduzi. Huyu shupavu mpya mara nyingi yuko peke yake katikati ya wanaume, hana rafiki wa kike, hana mama, hazeeki, na hana haki ya kushindwa. Anapendwa kwa sharti kwamba amefaulu kuwa mwanamume mwenye umbo zuri. Sisemi mwanamke asipigane kwenye filamu. Nilimtazama Viola Davis katika "The Woman King" ya mwaka 2022, akiongoza kikosi cha wanawake wa Dahomey, ufalme wa kale wa Afrika Magharibi, na kilichonigusa kuliko vita vyote ni kwamba mwili ule ulikuwa na makovu na miaka, na walikuwa wengi, wakicheka, wakigombana, wakifundishana. Filamu ile ililaumiwa, na kwa sababu nzuri, kwa namna ilivyoipunguza sehemu ya Dahomey katika biashara ya watumwa. Lakini kwenye kuwaonyesha wanawake wakiwa kundi lenye historia yake, ilikuwa imeshapita mbali.

Liko tatizo lingine, na hili linakuja likiwa limevaa sifa. Ni lile la kumtukuza mwanamke kwa uvumilivu. "Mother India" ya mwaka 1957, filamu kubwa ya Mehboob Khan, ilimpa Nargis nafasi ambayo waigizaji wachache wa kike wamewahi kuipata popote duniani. Radha, mhusika wake, analima, anakokota jembe kama ng'ombe, anazika watoto, anamkatalia mkopeshaji anayeutaka mwili wake, na mwisho anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya msichana wa kijiji. Ni picha yenye nguvu ya kutisha. Lakini ukiitazama kwa makini, nguvu zote alizopewa ni za kubeba. Kadiri anavyoumia ndivyo anavyozidi kuwa mtakatifu. Mvumilivu hula mbivu, tunasema, na filamu za namna hii humsifu mvumilivu bila kuuliza mbivu zimeliwa na nani.

Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegali, aliliona hilo mapema. Katika "La Noire de...", ya mwaka 1966, Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Anajikuta anapika, anafua, anasugua. Anavaa gauni lake zuri na viatu vya kisigino akifanya kazi, kwa kuwa ndivyo alivyokuja, na bibi mwenye nyumba anakerwa na viatu vile. Anamwamuru avivue. Kwa sikio la mabwana zake Diouana karibu ni bubu, ndiyo madame, ndiyo msieu. Lakini sisi tunamsikia. Sauti yake ya ndani inajaza filamu nzima, inauliza, inakasirika, inakumbuka. Mtumishi wa nyumbani, ambaye katika filamu elfu moja nyingine hupita nyuma ya picha akiwa na trei, hapa ndiye mwenye mawazo, na mabwana ndio wanaopita nyuma. Na anapoamua kwamba hatavumilia tena, njia aliyobakiziwa ni moja tu, na Sembène haipambi.

Miaka 38 baadaye, akiwa amevuka themanini, mzee huyohuyo alitoa "Moolaadé". Wasichana wanaokimbia kukeketwa wanaingia kwa Collé, naye anafunga kamba ya rangi mlangoni: ni hifadhi, hakuna wa kuivuka. Wazee wa kijiji wanatafakari uasi huu umetoka wapi na wanapata jibu lao, redio. Wanazikusanya redio za wanawake, wanazirundika na kuzichoma moto, nyingine zikiwa bado zinaongea. Mume wa Collé anamchapa hadharani ili atamke neno la kuiondoa hifadhi, huku wanaume wakimhimiza mume aongeze na wanawake wakimhimiza Collé asianguke. Haanguki, wala hasemi. Hapa kuna maumivu kama ya Radha, lakini hayamfanyi mtakatifu wa kuabudiwa. Yanafanya wanawake wengine waanze kusema.

Mwongozaji Sarah Maldoror alikuwa ameshafanya jambo la aina hiyo mwaka 1972 katika "Sambizanga", filamu ya mapambano ya Angola dhidi ya Wareno. Hadithi ya ukombozi kwa kawaida ingemfuata Domingos, mume aliyekamatwa na kuteswa. Maldoror akamfuata Maria. Tunatembea naye, mtoto mgongoni, kituo hiki hadi kile, akiuliza mumewe yuko wapi, akijibiwa hovyo, akitembea tena. Kutembea kule kumechukua sehemu kubwa ya filamu, na si mapumziko ya kusubiri vita. Ni mtu anayeanza kuelewa nchi yake kwa miguu. Na sisi wasomaji wa Kiswahili tulipata yetu mwaka 2021, Amil Shivji alipoiweka kwenye skrini "Vuta N'kuvute" ya Adam Shafi, ambamo Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, na hadithi inamfuata yeye badala ya kubaki na mume kulia aibu yake.

Naona nimetaja wanaume kadhaa wakiongoza, na ni makusudi. Macho hayatokani na jinsia ya mwongozaji pekee. Kathryn Bigelow alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda Oscar ya uongozaji, mwaka 2010, alishinda kwa filamu ya wanajeshi wanaume wanaotegua mabomu, na ni haki yake kamili. Lakini hesabu nayo haiwezi kupuuzwa. Tuzo hizo zilianza mwaka 1929. Mpaka 2025 wanawake waliowahi kushinda ile ya uongozaji ni watatu: Bigelow, Chloé Zhao na Jane Campion. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, nayo ilikuwa imewafikia waongozaji watatu wa kike, Campion mwaka 1993, tena kwa kugawana na Chen Kaige, kisha Julia Ducournau 2021 na Justine Triet 2023. Ukiwa na waandishi na wapigapicha wa aina moja kwa karne nzima, hata wenye nia njema watazoea kusimamisha kamera palepale iliposimamishwa jana.

Filamu ya Triet, "Anatomy of a Fall", inanipa tumaini la aina yake. Mwandishi wa kike anashtakiwa kumuua mumewe, na mahakama inachambua ndoa yao mbele ya mtoto wao. Sandra, anayeigizwa na Sandra Hüller, si mtu rahisi. Amefanikiwa kuliko mumewe, amewahi kutoka nje ya ndoa, haombi radhi kwa tamaa yake ya kazi. Mwendesha mashtaka anayageuza hayo yote kuwa ushahidi, na ndipo unapogundua kwamba anayehukumiwa ni mwanamke aliyekataa kuwa mke mwema wa dirishani. Filamu haimsafishi ili tumpende. Inatuachia mtu. Kwangu hiyo ni hatua kubwa kuliko suti ya ngozi, kwa sababu mwanamke aliyeruhusiwa kuwa na kasoro bila kuuawa kwa ajili yake ni kitu ambacho Lily wa "Baby Face" alinyang'anywa.

Wenye biashara walikuwa na kisingizio chao cha miaka yote, kwamba filamu za wanawake haziuzi. Mwaka 2023 "Barbie" ya Greta Gerwig iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, ikaongoza mauzo duniani mwaka ule. Kisingizio kimezikwa, na nitashukuru kisifukuliwe. Ila filamu yenyewe siiweki pamoja na zile nilizozitaja. Inaeleza kwa hotuba, tena hotuba nzuri, ugumu wa kuwa mwanamke, na wakati huohuo inauza mwanasesere. Jeanne Dielman hakuhutubu hata mara moja.

Kuna filamu ya Zambia ninayoirudia akilini kila ninapofikiria suala hili la macho, "I Am Not a Witch" ya Rungano Nyoni, ya mwaka 2017. Wanawake waliotuhumiwa uchawi wanawekwa kambini, kila mmoja amefungwa mgongoni utepe mrefu mweupe ili asiruke, na wameambiwa atakayeukata atageuka mbuzi. Filamu inaanza na basi la watalii. Wanashuka, wanasimama mbele ya wanawake wale, wanatoa kamera zao. Nyoni anatuacha tusimame pale na watalii kwa muda unaotosha kutuumiza, kisha anatupeleka upande wa pili wa uzio, kwa mtoto wa kike aitwaye Shula, na hatuvuki tena kurudi.

Mwongozaji wa kike wa Saudi Arabia, Haifaa al-Mansour, alipokuwa anatengeneza "Wadjda", filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudi Arabia, iliyotoka mwaka 2012, hakuweza kusimama barabarani na kuamrisha wanaume hadharani. Katika baadhi ya mitaa ya Riyadh aliongoza akiwa ndani ya gari, akiangalia skrini ndogo na kutoa maelekezo kwa redio ya upepo. Nchi yenyewe haikuwa na majumba ya sinema ya kuionyesha. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Ndani ya gari lile lililofungwa alitengeneza hadithi ya msichana wa miaka kumi anayetaka baiskeli ya kijani ambayo watu wanamwambia si ya wasichana. Wadjda anajiandikisha mashindano ya kusoma Qur'ani ili ashinde pesa za kuinunua. Haokoi dunia, hapigi mtu. Anahesabu pesa zake, anabishana bei, anakosea, anajaribu tena.

Mwishoni anaipata baiskeli. Anaiendesha mpaka mtaa unapoishia, barabara kuu inapoanza, na hapo anasimama, mguu mmoja chini. Magari yanapita. Kamera haituonyeshi anakwenda wapi. Inamwonyesha yeye, akitazama huku na huku.